Ushuhuda Wangu wa Siku ya Wazazi

Mwezi uliopita nilipanda tena kule Nunguni, kwenye shule niliyosomea, kuomba barua ya sifa. Nimemaliza chuo kikuu, na kila ofisi ninayopeleka maombi ya kazi inanitaka niongeze karatasi moja. Karani aliniambia mwalimu mkuu ana wageni, nikae nje kidogo. Nikakaa kwenye benchi, bahasha mapajani. Upande wa pili wa uwanja wasichana walikuwa ukumbini wakisikiliza mhubiri, na sauti yake ikatoka dirishani pamoja na ule ukungu ninaoujua: "Kuna mtu mmoja hapa ndani. Mmoja tu. Ninamngoja."

Nilishika benchi kwa mikono miwili. Mtu mzima, mwenye shahada, nimeshika benchi nisije nikainuka.

Karani akachungulia. "Dada, uko sawa?"

"Niko sawa."

Sikuwa sawa, rafiki yangu. Na kwa kuwa barua yenyewe ilichukua saa tatu, nilipata nafasi ya kukumbuka kila kitu, kuanzia mwanzo.

Mimi ni mtu wa Migwani, nchi kavu, ambako mgeni unamwona angali mbali ukapata muda wa kufagia kabla hajafika. Nunguni si hivyo. Ukungu hushuka asubuhi ukaingia darasani bila kubisha, na hadi saa nne huoni hata mlingoti wa bendera. Shule ilizungukwa na ua wa kaiyaba, ule mti wa miiba mirefu ambayo hata mbuzi huikwepa. Lango lilikuwa moja, na mlinzi mmoja aliyezijua nyuso zetu zote. Ukiingia siku ya kufungua, na sanduku lako la bati na godoro, umeingia. Barua zilisomwa na naibu wa mwalimu mkuu kabla hujazisoma wewe. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilihesabu siku kwa kukwaruza sabuni, mpaka sabuni ikaisha kabla ya siku.

Muhula wa pili ndio uliokuwa muhula wa kila kitu. Michezo, muziki, maonyesho ya kilimo, wikendi ya injili, Siku ya Wazazi, na mitihani katikati yake kama jiwe kwenye kiatu. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa, nayo haikupumzika. Kengele ya kuamka, ya uji, ya kuteka maji kwenye chemchemi, ya kuchambua maharagwe, ya kurekebisha matuta shambani. Kwenye matuta tulifanya kazi kama mwethya wa nyumbani, ile kazi ya ushirika ya majirani, mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka pamoja, mmoja anaimba na wengine wanaitikia, na mpishi anatuletea uji kwenye ndoo. Mwalimu mkuu alipenda kusema, "Ukuni mmoja haupiki." Kwa hiyo hakuna msichana aliyeruhusiwa kuwa peke yake. Ulikuwa na bweni, meza, kikundi cha usafi, chama cha jioni. Hata huzuni ulikuwa nayo mbele ya watu arobaini.

Nami nilikuwa mtu wa kufikiri kupita kiasi, hata wakati huo. Mwalimu akinijibu "ndiyo" kwa sauti nzito, nilimaliza jioni nzima nikijiuliza nimemkosea nini. Jirani yangu wa kitanda, msichana mcheshi wa Mukuyuni, aliniambia, "Wewe kichwa yako inaumwa na vitu za vichwa za watu wengine."

Mahali pamoja tu ndipo kichwa changu kiliponyamaza. Nilipopiga ngoma.

Nilikuwa nimelelewa na bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita Susu, kama Wakamba wengi wanavyoita nyanya. Mama alikuwa akifanya kazi mbali. Susu alikuwa mpiga ngoma wa kilumi, ngoma ya akina mama wazee, ile inayochezwa mvua ikikataa au mtu akishikwa na ugonjwa usiojulikana jina. Ngoma yenyewe ilikuwa ndefu. Mpigaji huisimamia, ameibana kwa magoti, na mikono miwili ikafanya kazi kama mtu anayekanda unga kwa haraka. Susu alijulikana hadi vijiji vya ng'ambo ya mto. Kanisani alienda Krismasi tu, akikaa karibu na mlango. Mimi nilijifunza kwake bila kufundishwa, kwenye jerikeni tupu tukienda mtoni: yeye mbele anapiga lake, mimi nyuma napiga langu, na nikikosea hakugeuka, alipunguza mwendo tu mpaka nimfikie.

Mwalimu wa muziki alinigundua kwenye maharagwe. Tulikuwa tunachambua, mawe huku, maharagwe huku, na vidole vyangu vikaanza kazi yao kwenye karai. Akasimama nyuma yangu.

"Nani alikufundisha hiyo?"

"Susu."

"Sasa mbona umeacha? Endelea."

Basi mwaka huo, nikiwa kidato cha pili, nikawa mpiga ngoma wa shule. Wachezaji kumi na wanane, filimbi moja, ngoma moja ndefu aliyoitafuta mwalimu kwa wazee wa kijiji, na mimi nyuma yake. Tungeonyesha kilumi Siku ya Wazazi, kisha twende nayo mashindano ya mkoa. Nikamwandikia Susu barua nikijua jirani atamsomea: njoo, Susu, utaniona nikipiga. Naibu aliisoma, akacheka, akaipiga muhuri.

Nafikiri zile wiki tatu ndizo pekee ambazo ua wa kaiyaba sikuuona.

Kisha ikaja wikendi ya injili.

Shule yetu ilikuwa ya kanisa, na chama chenye nguvu kuliko vyote kilikuwa Umoja wa Wakristo, ambao sote tuliuita siyuu, kwa herufi zake za Kiingereza. Kila muhula wa pili siyuu ilialika mhubiri kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Mwaka huo alikuja mwinjilisti mwembamba, mwenye suti ya kahawia na sauti kubwa kuliko mwili wake. Ijumaa hakuna aliyeokoka. Jumamosi hakuna. Si kwamba tulikuwa wagumu. Wengi walikuwa wameokoka mwaka uliotangulia, na waliobaki walikuwa wale ambao hawataki, pamoja na wale ambao, kama mimi, walikuwa bado wanalifikiria jambo lenyewe.

Jumapili ibada ilianza baada ya uji. Ikafika saa sita. Saa saba. Sasa lazima nikueleze kuhusu chakula. Sisi tulikula muthokoi na maharagwe siku nenda siku rudi, mahindi yale yaliyokobolewa, matamu lakini yale yale. Siku ya mgeni tulipikiwa wali na nyama. Jiko lilikuwa upande wa upepo, na harufu ya kitunguu na nyama iliingia ukumbini ikapita benchi kwa benchi kama mtu anayesalimia. Wasichana mia nne walikuwa wameinamisha vichwa, na nina hakika karibu wote walikuwa wakiomba kitu kimoja.

"Kuna mtu mmoja," mwinjilisti alisema. "Bwana amenionyesha. Hatutatoka hapa mpaka mtu huyo asimame."

Tukaimba ubeti. Hakuna. Tukaimba tena.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa benchi moja nami. Akanong'ona bila kufumbua macho, "Si mtu asimame tukule!"

"Simama wewe," mwingine akamjibu.

"Mimi niliokoka mwaka jana. Siwezi okoka mara mbili kwa sababu ya nyama."

"Basi huyu. Huyu hajaokoka." Na kiwiko kikaniingia ubavuni.

Sikiliza jinsi kichwa changu kilivyofanya kazi. Kwanza nilifikiri: labda mtu huyo ni mimi kweli, na ninamkaidi Mungu. Halafu: si mimi, ni mwingine, lakini mwingine huyo hasimami. Halafu sauti ya mwinjilisti ikakatika. Siku tatu alikuwa amehubiri, na sasa alipofika kwenye "ninamngoja" koo lilikwama, akakohoa, akatoa leso. Nilimhurumia. Nilifikiri: huyu atarudi kwao awaambie nini? Na wale wapishi huko nje, na wali unaganda, na watoto wa kidato cha kwanza wamesinzia. Kusimama ni kitu kidogo. Ni magoti tu.

Nikasimama.

Kelele iliyotokea sijaisikia tena maishani. Haleluya, vigelegele, watu wakakumbatiana. Jirani yangu alilia machozi ya kweli, ya njaa. Mwinjilisti alishuka jukwaani akanishika mikono yote miwili. "Ni wewe," alisema. "Uso wako niliuona nikiwa nyumbani kwangu, kwa maombi, kabla hata sijaanza safari." Wewe ungemwambia nini mtu kama huyo? Kwamba alikosea uso? Nikatazama kando, nikamwona mwalimu wa muziki amesimama karibu na ukuta. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Tulikula wali. Ulikuwa mtamu sana, na wengi walipita mezani kwangu kunishukuru. Kufikia jioni hawakunishukuru tena. Walikuwa wameanza kunipongeza, na ukitafakari utaona kwamba hapo ndipo mlango ulipofungwa.

Siku iliyofuata mwenyekiti wa siyuu, msichana wa kidato cha nne, mpole kuliko watu wote niliowajua, alihamisha vitu vyangu kwenye kitanda karibu na chake "ili ukue kiroho vizuri." Aliniamsha kabla ya kengele kwenda maombi. Alinipa daftari la kuandika aya. Mpishi alinipakulia zaidi, akisema, "Huyu ni wa Bwana, aongezwe." Wasichana walinijia niwaombee kabla ya hesabu. Mmoja alikuwa na homa katika chumba cha wagonjwa, matroni akanipeleka nikaomba, na kesho yake msichana akaamka amepona. Alikuwa amepewa dawa. Lakini dawa hakuna aliyeizungumzia.

Na ngoma. Hakuna aliyenikataza, kwa kweli. Mwenyekiti aliniambia tu siku moja tukifua, akikamua sketi yake polepole: "Dada, sasa wewe ni kiumbe kipya. Ile kilumi, wazee wanaitumia kuita mapepo. Wewe utaisimamia tena namna hiyo, magoti yamefunguka, mbele ya watu?" Nikasema nitaomba juu yake. Hilo ndilo jibu ambalo mtu aliyeokoka hutoa asipojua la kusema, nalo huchukuliwa kuwa "hapana." Jioni ile nilimkuta mwalimu wa muziki akifunika ngoma kwa gunia. Hakunilaumu.

"Utarudi?" aliniuliza.

"Sijui, Mwalimu."

"Mimi sikuulizi kama umeokoka. Nakuuliza kama utarudi."

Nikamsaidia kukaza gunia. Akampa ngoma msichana wa kidato cha tatu mwenye nguvu nyingi na masikio machache. Kila jioni, wakati sisi wa siyuu tumepiga magoti katika darasa la kona, walifanya mazoezi nyuma ya jiko, na kila jioni nilisikia mkono wa kushoto ukichelewa. Si sana. Kama mtu anayechechemea kidogo. Nilikuwa nimefumba macho, nasema "ndiyo, Bwana," na vidole vyangu kwenye jalada la Biblia vinapiga mahali ambapo yeye hakupiga. Mwenyekiti alinigusa mkono, kwa upole. Nikavikunja.

Ungesema ukweli, utaniambia. Nilijaribu. Nilijiambia nitasema Jumatano. Lakini Jumatano mwinjilisti aliandika barua kwa shule nzima, ikasomwa gwaridani, kwamba habari ya yule mmoja wa Nunguni ameisimulia katika makanisa matatu na watu wamebarikiwa. Siku ya Wazazi atakuja mwenyewe, na mimi nitatoa ushuhuda. Kila mtu aligeuka kunitazama. Ukungu ulikuwa mwingi asubuhi ile, nilitamani uongezeke.

Ushuhuda una njia yake. Ni lazima useme ulikotoka kabla ya kusema ulikofika. Mwenyekiti alikaa nami tuuandike, na tukakwama ukurasa wa kwanza.

"Uliiba kitu?"

"Hapana."

"Pombe?"

"Nani ataniuzia pombe?"

"Wavulana?"

"Na hii kaiyaba yote?"

Akacheka, kisha akashika tama. "Dada, hata kidogo hukuwa na giza? Ulikuwa unafanya nini kabla ya Bwana?"

Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kumsaidia, kama nilivyotaka kumsaidia yule mwinjilisti. "Nilikuwa tu napiga ngoma," nikasema. "Na Susu."

"Eh!" Uso wake ukafunguka. "Si hiyo sasa?" Akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo: *Nilikuwa nimefungwa na ngoma ya mapepo niliyorithi kwa nyanya yangu. Lakini Bwana akanitoa humo.*

Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko aya yoyote ya Biblia. Susu alikuwa anakuja. Nilimwalika mwenyewe, aje anione nikipiga, na sasa angekuja asikie nikimtaja hivyo mbele ya wazazi wa wilaya nzima. Nilipanga kuiruka. Nilifanya mazoezi ya kuiruka chooni, mahali pekee penye komeo. Kila nilipoiruka, iliyofuata ilinikamata: akanitoa humo. Humo wapi? Watu wangeuliza. Ningesema nini, nilitolewa kwenye njaa?

Siku ya Wazazi ilianguka Jumamosi yenye jua, nadra sana kule juu. Akina mama walifika na vikapu, akina baba na kofia, mahema mawili ya turubai yakasimamishwa uwanjani. Susu aliondoka Migwani siku moja kabla, akalala kwa jamaa njiani. Nilimwona akiingia langoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, shali ya kijani mabegani, kikapu kichwani. Aliketi kwenye nyasi mstari wa mbele, akanyoosha miguu, akatafuta ngoma kwa macho. Ilikuwa pale pembeni, juu ya gunia. Akanitazama, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesema: haya, nimefika, anza.

Ratiba iliweka ushuhuda kabla ya kilumi.

Nilisimama mbele ya kipaza sauti. Mwinjilisti aliweka mkono begani mwangu na kuwaambia wazazi kwamba atatafsiri kwa Kikamba, ili hata wazee wasikie. Hilo sikulifikiria. Nilikuwa nimefikiria kila jambo lingine duniani, ila hilo. Mimi nilisoma chini chini kwa Kiswahili changu cha shule, na yeye aliyarudia maneno kwa sauti inayofika barabarani. Nilifika kwenye sentensi. Nikaikunjua karatasi upya, na mkono wake ukanibonyeza bega kwa upole, kunitia moyo. Nikasoma. Akatafsiri. Katika Kikamba ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu Kikamba kina neno kamili la nyanya yako, na kila mtu aliyekuwa pale alikuwa na wake.

Susu aliingiza mikono yake ndani ya shali.

Watu wakapiga makofi. Kisha filimbi ikalia na wenzangu wakaingia na kilumi, yule wa kidato cha tatu nyuma ya ngoma. Mimi nilikwenda nikaketi karibu na Susu. Alikuwa ameleta kuku wa kuchemsha, chapati, na asali kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. "Kula," alisema. Nikala. Tulitazama ngoma.

"Ni nani yule?"

"Ni wa kidato cha tatu, Susu."

"Anachelewa mkono wa kushoto."

"Ndiyo."

Tukatazama mpaka wachezaji wakatoka. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, akikusanya mifupa ya kuku kwenye jani la mgomba. "Mwiitu wakwa, binti yangu, yale uliyosema pale, ni kweli?"

Ilikuwa nafasi yangu. Hakukuwa na kipaza sauti. Hakukuwa na mtu mwingine anayesikiliza. Nilihitaji neno moja tu, na neno hilo lilikuwa fupi. Lakini nilifikiria mbele, kama kawaida yangu: nikisema si kweli, ataniuliza kwa nini basi nimemwaibisha mbele ya watu, na sikuwa na jibu ila sahani ya wali. Niliona afadhali aumie kwa jambo kubwa kuliko kwa jambo la kipuuzi.

"Ni kweli, Susu."

"Haya," alisema. Alinipangusa asali mdomoni kwa pembe ya shali, kama mtoto.

Timu ilikwenda mashindano ya mkoa bila mimi. Waliporudi, jirani yangu wa zamani wa kitanda alinipigia kelele kutoka dirishani: "Tumekuwa wa tano!" Nikafurahi. Akaongeza, "Shule zilikuwa tano." Mwalimu wa muziki alipewa uhamisho mwaka uliofuata, kwa sababu zake, si kwa ajili yangu, nimejithibitishia hilo mara nyingi.

Agosti nilifika Migwani. Susu alinipokea akiwa amefunga kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa. Nilidhani kuna mazishi. Aliniambia tukiwa tunaosha vyombo, kana kwamba ni habari ya kuku: Jumapili iliyofuata Siku ya Wazazi alikwenda mbele kanisani, akaokoka. Hakukaa karibu na mlango. Alisema, "Ikiwa mtoto niliyemlea ameona kitu, mimi mzee ninangoja nini?" Alimpa mchungaji ngoma. Waliichoma nyuma ya kanisa, watu wakiimba. "Ngozi ilipasuka, pa!" alisema, na akacheka. Nilisugua sufuria ile mpaka ikang'aa pande zote mbili.

Na sasa nikueleze kitu kinachonisumbua hadi leo: alikuwa na furaha. Hakuigiza. Alipata marafiki, aliimba, alijifunza kusoma kwa miwani ya kuazima ili asome Zaburi mwenyewe. Alitembelea wagonjwa wale wale waliokuwa wakimwita awapigie ngoma. Mimi nilibaki siyuu. Kidato cha nne nikawa mwenyekiti, nikawashika mikono wasichana waliosimama Jumapili za wageni, na mara nyingine nikiyatazama macho yao niliona wazi kabisa wali na nyama. Niliwapa daftari la aya.

Nilimwambia Susu ukweli nilipomaliza shule. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka miwili, na yakatoka yote vibaya. "Susu, siku ile sikuokoka. Nilisimama kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa, na yule mtu alikuwa amechoka."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Hata wale wa Galilaya walimfuata Yesu kwa ajili ya mikate," alisema. Akajipangusa macho. "Lakini usimwambie pasta. Atasikia vibaya, maskini."

"Na ngoma, Susu?"

"Ngoma imeenda." Akavaa miwani tena, akatafuta ukurasa wake.

Nimekigeuza kicheko hicho pande zote. Labda alicheka kwa sababu alikuwa amevuka, na haijalishi daraja lilikuwa la mbao gani. Labda alicheka ili mimi nipumue. Labda alimpa mchungaji ngoma kwa sababu ile ile iliyonifanya mimi nisimame: watu wote wanangoja, na wewe ndiye unayeweza kuwamalizia. Sikumwuliza. Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, alifariki.

Tulimzika Migwani, kanisa lote likiwepo, na wimbo ulikuwa mzuri. Baada ya chakula niliwaona wanawake wanne wazee wamekaa kando ya ghala, mikono mapajani, wasioimba. Nilijua ni akina nani. Walikuwa wakicheza alipopiga. Mmoja wao, aliyekuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, aliniita kwa kidole.

"Wewe ndiye ulifuatana naye mtoni," alisema. "Pale katikati, anapoinua mikono na ngoma inanyamaza, sisi tunabaki na miguu tu. Anajuaje wakati wa kurudi? Alikuonyesha?"

Sikuwahi kusikia kwamba pana mahali pa kunyamaza. Kwenye jerikeni hatukuwahi kufika hapo. Kile nilichodhani ni kilumi nzima, nilichotaka kukipeleka mkoa, kilikuwa mwanzo tu, kile anachopewa mtoto.

"Hapana, Susu," nikamwambia, kwa kuwa yeye pia ni wa kuitwa hivyo. "Ninyi hamkuhesabu?"

"Kuhesabu kwa nini? Alikuwepo."

Alinitazama kidogo, bila kunilaumu, kisha akajifunga leso kiunoni, akainuka taratibu, na kwenda kuwasaidia akina mama wa kanisa kuosha sahani.